Miswada ya Kilwa Kisiwani: Ilipo na Namna Katalogi Huria ya Kidijitali Inavyojengwa

Sehemu kubwa ya maandishi ya kale yanayohusu Kilwa Kisiwani haipo Kilwa Kisiwani. Habari za masultani wake zilizoandikwa kwa Kiarabu zimehifadhiwa London. Barua za Kiswahili zilizoandikwa Kilwa mwaka 1711 ziko Goa, nchini India. Toleo la Kireno la habari za masultani hao limo katika kitabu cha João de Barros kilichochapwa Lisbon mwaka 1552. Kisiwani kwenyewe yamebaki majengo: Msikiti Mkuu, Husuni Kubwa, Gereza na makaburi, ambayo pamoja na magofu ya Songo Mnara yaliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1981, yakawekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004, na kuondolewa humo mwaka 2014 baada ya kazi ya ukarabati na uhifadhi.

Mawe hayo yamepimwa, yamechorwa na kuandikiwa taarifa kwa miongo mingi. Maandishi, kwa upande wake, yameorodheshwa vipandevipande, kila maktaba kwa lugha yake na kwa utaratibu wake. Mwalimu wa historia wa Kilwa Masoko au Lindi anayetaka kujua ni nini kilichoandikwa kuhusu mji wake, nani alikiandika na kiko wapi leo, hulazimika kupekua katalogi za Uingereza, Ujerumani, Ureno na India, nyingine zikiwa za kuchapwa na zisizopatikana katika maktaba za mkoa. Makala hii inaeleza katalogi huria ya miswada ni kitu gani, rekodi yake huandikwaje, kipi kimekwisha kufanyika katika pwani ya Afrika Mashariki, na mwananchi mwenye maandishi ya kale nyumbani anahusikaje.

Katalogi si picha

Mswada, kwa maana inayotumika hapa, ni andiko lililoandikwa kwa mkono: kitabu, barua, hati ya mauziano ya shamba, utenzi, shajara ya ukoo au karatasi moja ya dua. Katalogi ni orodha inayoeleza kila andiko: ni nini, la nani, la lini, la lugha gani, liko wapi na linaweza kuonwa kwa masharti gani. Picha ya kidijitali ni jambo jingine. Mambo haya mawili huchanganywa mara kwa mara, na mkanganyiko huo una gharama. Fedha nyingi huelekezwa kwenye kamera na mashine za kupigia picha, kisha maelfu ya picha hubaki katika diski bila maelezo. Picha isiyo na maelezo haipatikani mtu anapoitafuta, kwa kuwa kompyuta hutafuta maneno yaliyoandikwa katika rekodi. Kinyume chake, rekodi iliyoandikwa vizuri ina manufaa hata pale ambapo picha haijapigwa bado, au mwenye mswada amekataa upigwe.

Neno "huria" nalo lina maana mahususi. Katalogi ni huria ikiwa mtu yeyote anaweza kuisoma bila malipo, kuipakua yote, kuitumia katika kazi yake na kupendekeza masahihisho, na ikiwa ruhusa hiyo imeandikwa wazi katika leseni. Uhuria wa katalogi haumaanishi uhuria wa kila picha. Rekodi inaweza kuwa wazi kwa dunia nzima huku picha ikionekana kwa idhini ya mwenye mali tu.

Maandishi ya Kilwa katika makabati ya mbali

Andiko linalojulikana zaidi ni lile liitwalo kwa Kiarabu Kitab al-Sulwa fi akhbar Kulwa, ambalo wanahistoria wamezoea kuliita Habari za Kilwa. Mtunzi wake hakujitaja jina, lakini alieleza kuwa alizaliwa mwezi wa Shawwal mwaka 904 Hijria. Alikuwa kijana mdogo, basi, wakati Wareno chini ya Francisco de Almeida walipouvamia mji mwezi Julai 1505. Nakala iliyopo British Library, yenye namba Or. 2666, ilinakiliwa Zanzibar mwaka 1877, ikafika London kwa njia ya John Kirk, aliyekuwa mwakilishi wa Uingereza Zanzibar enzi za Sultani Barghash bin Said. S. Arthur Strong aliichapisha katika jarida la Royal Asiatic Society mwaka 1895, na tafiti karibu zote zilizofuata zimeitegemea nakala hiyo moja. Katika utangulizi wake mtunzi aliahidi sura kumi. Nakala inaishia katika sura ya saba.

Toleo la pili ni la João de Barros, mwandishi wa Kireno ambaye hakuwahi kufika Kilwa, lakini kwa cheo chake katika idara ya biashara ya India mjini Lisbon alipata nyaraka zilizotoka huko. Matoleo haya mawili yanakubaliana katika mengi na kupingana katika mengine. Katika la Kiarabu, sultani wa Shirazi anaondoka na wanawe sita kwa merikebu saba, na mojawapo inafika Kilwa. Katika la Barros, anayesafiri ni Ali, mwana aliyezaliwa na mama Mhabeshi na kudharauliwa na nduguze. Yote mawili yanataja nguo kuwa ndiyo bei ya kisiwa. Kuhusu wakati, wachimbaji wa mambo ya kale nao wamekuwa na neno lao: Neville Chittick, aliyefukua Kilwa kwa miaka mingi na kuchapisha matokeo yake mwaka 1974, alimweka Ali bin al-Hasan mwishoni mwa karne ya 12, fedha zilizofukuliwa Mtambwe Mkuu, Pemba, mwaka 1984, ziliwafanya watafiti wengi wamrudishe karne ya 11. Msomaji wa katalogi anapaswa kuambiwa haya yote katika rekodi, au angalau kuelekezwa yalipo, asije akachukua nakala ya mwaka 1877 kuwa ni shahidi aliyekuwapo.

Barua za Goa ni za aina nyingine kabisa, na pengine ndizo zinazostahili kujulikana zaidi na Watanzania. Hizi ni miongoni mwa maandishi ya Kiswahili ya kale kuliko yote yanayojulikana kubaki. Ziliandikwa Kilwa kwa herufi za Kiarabu na kupelekwa kwa Wareno wa Msumbiji na washirika wao, wakati ambapo miji ya pwani ilikuwa imebanwa kati ya Wareno na Waarabu wa Oman. Miongoni mwa majina yanayohusishwa nazo ni la Mfalme Fatima, malkia wa Kilwa. Barua zilihamia Goa kwa sababu huko ndiko yalikokuwa makao makuu ya utawala wa Kireno katika Bahari ya Hindi. Mwaka 1994 Yahya Ali Omar, mwanazuoni wa Mombasa, pamoja na P.J.L. Frankl, walichapisha uchambuzi wa barua mojawapo ya Kilwa Kisiwani iliyomo katika hifadhi hiyo. Ni karatasi moja tu, lakini inathibitisha kwamba miaka zaidi ya 300 iliyopita Kiswahili kilikuwa lugha ya kuandikia mambo ya dola na biashara, na si lugha ya kusemwa sokoni peke yake.

Yapo pia maandishi yasiyopendeza. Mwaka 1776 Mfaransa aliyeitwa Morice aliandikiana mkataba na Sultani wa Kilwa wa kuuziwa watumwa 1,000 kila mwaka, kwa ajili ya mashamba ya visiwa vya Wafaransa katika Bahari ya Hindi. Katalogi ya Kilwa isiyo na mkataba huo itakuwa imechagua historia ya kuonyesha wageni.

Kwa upande wa Lindi, kitabu cha Carl Velten kilichochapwa Ujerumani mwaka 1907 kina habari za miji ya pwani zilizoandikwa kwa Kiswahili, zikiwemo za Kilwa Kivinje, Lindi, Sudi na Mikindani. Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi alitunga utenzi kuhusu Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Ulichapwa Ujerumani mwaka 1933, kisha ukachapwa tena Afrika Mashariki mwaka 1957 ukiwa na tafsiri ya W.H. Whiteley. Mwaka 1908 Lindi ilikuwa kitovu cha tukio lililojulikana kama Barua ya Makka, waraka wa kidini uliosambazwa kwa kunakiliwa kwa mkono na kuwatia hofu watawala wa Kijerumani. Nyaraka za utawala huo zilizobaki nchini zimo katika Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, na ziliingizwa katika Rejista ya Kumbukumbu ya Dunia ya UNESCO mwaka 1997.

Rekodi moja inavyoandikwa

Uzito wa kazi ya katalogi huonekana pale mwandishi wa rekodi anapoketi na mswada mmoja mbele yake. Tuseme ni huo wa London. Kwanza huandikwa namba yake ya utambulisho, kwa kuwa vyeo vya vitabu hubadilika na namba haibadiliki. Kisha jina la andiko kama lilivyo katika mswada, kwa herufi za Kiarabu, na chini yake kwa herufi za Kilatini. Hufuata mtunzi, na hapo lazima iandikwe kuwa hajulikani. Kubuni jina ili kujaza nafasi ni kosa baya kuliko kuiacha tupu. Mnakili si mtunzi, wala mwaka wa kunakili si mwaka wa kutunga. Mambo haya mawili yasipotenganishwa, andiko la karne ya 16 huonekana ni la karne ya 19.

Tarehe zina mtego wake. Mwaka 904 Hijria ulianza Agosti 1498 na kwisha Agosti 1499. Mwandishi wa rekodi anayeugeuza kwa haraka ataandika 1498. Anayejua kuwa Shawwal ni mwezi wa kumi ataandika 1499, na hiyo ndiyo sahihi. Utaratibu mzuri ni kuandika kwanza tarehe kama ilivyo katika mswada, ndipo ifuate tarehe ya Miladia, ili atakayekuja baadaye aweze kukagua hesabu.

Mtego mkubwa zaidi ni jina la mahali. Kilwa imeandikwa Kulwa na watu wa Kiarabu, na Quíloa na Wareno. Anayetafuta neno "Kilwa" katika katalogi ya Lisbon huenda asipate chochote, ilhali makabati yamejaa. Aidha, Kilwa ni tatu. Kilwa Kisiwani ndio mji wa masultani wa kale. Kilwa Kivinje ndio mji uliokua katika karne ya 19 kwa misafara ya bara, na ndio unaokusudiwa katika nyaraka nyingi za karne hiyo zinazosema "Kilwa" bila neno la pili. Kilwa Masoko ndio makao makuu ya wilaya hivi leo. Dawa yake ni faharasa ya majina: mahali pamoja hupewa namba moja ya kudumu, na chini ya namba hiyo huorodheshwa majina yote iliyopata kuitwa, kwa maandishi yote. Kompyuta ikiulizwa jina lolote kati ya hayo, huleta rekodi zote. Kazi hiyo hiyo hufanywa kwa majina ya watu, kwa kuwa mtu mmoja anaweza kuandikwa kwa jina la baba, kwa nisba ya kabila, au kwa lakabu tu.

Lugha na maandishi nayo hutenganishwa. Mswada ulioandikwa kwa herufi za Kiarabu si lazima uwe wa Kiarabu, na maktaba za nje zimewahi kuweka hati za Kiswahili katika rafu za Kiarabu kwa sababu aliyezipokea alitazama herufi asisome maneno. Herufi za Kiarabu katika umbo lake la kawaida hazina p, v, ch wala ng', hivyo waandishi wa pwani walitumia herufi za jirani, kila mmoja kwa mazoea yake, na mara nyingi bila kutia irabu. Neno lililoandikwa kwa "b" linaweza kuwa na b, p au mb. Kwa sababu hiyo rekodi huwa na mistari miwili ya mwanzo wa andiko: mmoja unaofuata herufi moja moja kama zilivyo, na mwingine unaotoa matamshi kama msomaji Mswahili anavyoyaelewa. Mstari wa pili ni tafsiri ya mtaalamu, na jina lake huandikwa kando ili asiyekubaliana naye ajue wa kujadiliana naye.

Baada ya hapo huja mambo ya umbo: idadi ya karatasi, vipimo kwa milimita, mistari kwa ukurasa, rangi za wino, jalada, na alama ya maji inayoonekana karatasi ikiinuliwa kwenye mwanga. Karatasi zenye alama ya mwezi mwandamo mara tatu zilitengenezwa Italia na kuuzwa kwa wingi katika nchi za Kiislamu. Alama kama hiyo huweza kusaidia kukadiria umri wa andiko lisilo na tarehe. Mwisho huandikwa historia ya umiliki, yaani mswada umepitia mikono ya nani na kwa njia gani: zawadi, mauzo, wakfu, au kutekwa. Kipengele hiki mara nyingi huachwa wazi katika katalogi za zamani. Kwa nchi ambazo nyaraka zake zilichukuliwa wakati wa ukoloni, hicho ndicho kipengele cha kwanza ambacho wananchi huuliza.

Misingi iliyokwisha kuwekwa

Kazi haianzi sifuri. J.W.T. Allen alikusanya miswada na kanda za sauti za Kiswahili katika pwani kwa ajili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na katalogi yake ilichapwa Leiden mwaka 1970. Ernst Dammann alichapisha mwaka 1993 katalogi ya miswada ya Kiswahili iliyoko Ujerumani. Chuo cha SOAS, London, chenye makusanyo ya William Taylor na William Hichens miongoni mwa mengine, kilijenga katalogi ya mtandaoni ya miswada yake ya Kiswahili mwanzoni mwa miaka ya 2000. Zanzibar ina mkusanyiko wa miswada na vitabu vya Kiarabu ulioingizwa katika Rejista ya Kumbukumbu ya Dunia mwaka 2003.

Mfano ulio karibu zaidi na mazingira ya Kilwa ni wa Lamu. Miswada ya Msikiti wa Riyadha, kituo cha elimu kilichoasisiwa na Habib Saleh, ilipigwa picha kupitia mpango wa British Library wa kuokoa nyaraka zilizo hatarini. Vitabu havikuondoka msikitini; zilizosafiri ni picha. Wanavyuoni wa hapo wanaendelea kuvimiliki na kuvitumia, na msomaji aliye mbali anaweza kuviona. Kwa upande wa namna ya kuandika rekodi, katalogi ya pamoja ya Uingereza iitwayo Fihrist inaonyesha kuwa maktaba nyingi zinaweza kutumia muundo mmoja na kuweka data zote wazi ili zipakuliwe na kusahihishwa. Muundo huo umetengenezwa kwa miswada ya ulimwengu wa Kiislamu, hivyo unaweza kutumika pwani ya Tanzania bila mabadiliko makubwa, ila kwa kuongezewa vipengele vya Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu.

Iko sababu nyingine ya kutotegemea katalogi za maktaba moja ya mbali. Mwezi Oktoba 2023 British Library ilishambuliwa kimtandao. Katalogi yake kuu ilirejea Januari 2024 ikiwa ya kusoma tu, na huduma za miswada ya kidijitali zilichukua muda mrefu zaidi. Kwa kipindi hicho, mtafiti aliyehitaji taarifa za Or. 2666 kutoka chanzo chake hakuwa na pa kugonga. Katalogi huria huondoa udhaifu huo kwa kuwa kila taasisi shiriki inaweza kuhifadhi nakala kamili ya data. Kanuni inayofuatwa na wahifadhi ni nakala zisizopungua tatu, katika vyombo vya aina mbili tofauti, na moja kati yake iwe mbali na nyingine.

Karatasi zilizo majumbani

Miswada iliyoko London na Goa iko katika vyumba vyenye joto na unyevu uliodhibitiwa. Ile iliyo majumbani na misikitini pwani haina kinga hiyo. Hewa ya bahari hulegeza karatasi, mchwa hula jalada na kurasa, na wino wenye madini ya chuma hutoboa karatasi taratibu hadi mistari ikadondoka. Mara nyingi hasara hutokea siku ya kugawa mirathi: sanduku la babu hufunguliwa, nyumba na minazi hugawiwa, na karatasi ambazo hakuna anayezisoma huchomwa kwa heshima, kwa kuwa huenda zina majina ya Mwenyezi Mungu. Wengine huzifukia. Nia ni njema, lakini pamoja na kurasa za dua huondoka hati za mashamba, barua za biashara na nasaba zilizokuwa katikati yake.

Kwa hiyo hatua ya kwanza katika kijiji chochote huwa ni mazungumzo na wazee, maimamu na walimu wa madrasa, na kamera hubaki ndani ya mkoba hadi yatakapokamilika. Mwenye mswada huelezwa mambo manne kwa lugha iliyo wazi: kwamba mali inabaki yake, kwamba anaweza kukubali rekodi na kukataa picha, kwamba anaweza kutaka jina lake lisionekane, na kwamba anaweza kubadili uamuzi wake baadaye. Suala la jina si dogo. Rekodi inayotaja mtaa na jina la mwenye kitabu cha thamani inaweza kumletea walanguzi mlangoni, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inataka taarifa za mtu zichukuliwe kwa kusudi linaloeleweka na zilindwe. Katalogi ya wazi huandika jina la wilaya. Anwani kamili hubaki katika faili la ndani.

Yako pia maandishi ambayo wenyewe hawataki yaonekane, kama vile vitabu vya uganga, hirizi, au barua zinazotaja utumwa wa wazee wa ukoo fulani. Hapo rekodi fupi inatosha, nayo isilazimishwe kuwa ndefu.

Hakimiliki haileti tatizo kubwa. Kwa sheria ya mwaka 1999, kazi ya maandishi hulindwa katika uhai wa mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake, na miswada mingi inayozungumzwa hapa imepita muda huo zamani. Linalobaki ni haki ya mwenye karatasi juu ya mali yake. Kuhusu mali yenyewe, Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inavitambua kuwa vya kale vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863, na kuvitoa nje ya nchi kunahitaji kibali. Msomaji ataona kuwa nakala iliyoandikwa mwaka 1877, hata kama andiko lake ni la karne ya 16, inapitwa na tarehe hiyo kwa miaka 14. Ndiyo maana kuandikwa katika katalogi kuna manufaa ya pekee kwa nakala za nusu ya pili ya karne ya 19, ambazo kwa umri wake ndizo zenye uwezekano mkubwa wa kuwa bado masandukuni.

Mwananchi mwenye maandishi ya kale

Mtu aliye na maandishi ya aina hii hatakiwi kuyapeleka kwenye duka la kutia plastiki. Joto la mashine hiyo huharibu wino, na plastiki haiondoki tena. Gundi ya karatasi ya kunata nayo huacha doa la kudumu. Kurasa zilizogandana zisibanduliwe kwa nguvu wala kwa maji. Njia salama ni kuyaweka yakiwa yamelala ndani ya kasha la kadibodi, yakiwa yamefunikwa kwa kitambaa safi cha pamba kisicho na rangi, juu ya kabati na mbali na ukuta wenye unyevu, na kuyafungulia hewa siku za kiangazi. Mpangilio wa karatasi usibadilishwe hata kama unaonekana umevurugika, kwa kuwa namna zilivyokutwa ni taarifa pia.

Akitaka kuyapiga picha kwa simu kabla wataalamu hawajafika, apige mchana karibu na dirisha, bila mwanga wa kamera, ukurasa mmoja kwa picha moja, kingo zote nne zikionekana na rula ikiwa kando. Apige na kurasa tupu, kwa sababu alama za umiliki na majina ya wanakili mara nyingi hupatikana mwanzoni na mwishoni, mahali ambapo watu hudhani hapana kitu.

Taarifa za maandishi yaliyopatikana Tanzania Bara hupelekwa Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, iliyopewa jukumu hilo na Sheria Na. 3 ya mwaka 2002, au kwa ofisa utamaduni wa wilaya. Kwa Zanzibar ni Taasisi ya Nyaraka na Kumbukumbu. Katika Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, ofisi ya Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania, TAWA, inayosimamia eneo la urithi, inaweza kumwelekeza mwananchi kwa wahusika. Cha kutaja ni lugha ikiwa inajulikana, idadi ya karatasi, tarehe yoyote inayosomeka, na maneno ya mstari wa kwanza na wa mwisho, au picha zake. Maneno ya mstari wa kwanza ndiyo yanayotumika kulinganisha andiko jipya na yale yaliyokwisha kuorodheshwa, na ndiyo njia pekee ambayo nakala nyingine ya Habari za Kilwa, yenye sura ya nane, ya tisa na ya kumi, ingeweza kutambuliwa endapo ingejitokeza.